Jina la Amuri Juu ya Kopo

Gisenyi, Majengo, 12 Agosti 1957

Amuri mwanangu, mwenye jina la baba yangu, kwa hiyo baba yangu,

Salamu zitangulie, mengine yana miguu yatafika. Mimi sijambo. Nyumba imesimama, kuku wale wawili wameanza kutaga, na viazi vya Bugeshi mwaka huu ni vikubwa kama visigino vya mjomba wako. Mukashyaka wa samaki anakusalimu, anauliza utaoa lini. Nimemjibu kwamba fundi wa Bukavu haoi kwa haraka, anapapasa kitambaa kwanza. Jirani yetu Mama Faida naye anakusalimu, ingawa kwa nusu ya mdomo. Mkwe wake amerudi kutoka Goma bila kazi, na mimi nililisema jambo hilo kisimani kwa sauti kubwa kidogo kuliko nilivyokusudia.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, unaona mkono. Wanawake wenzangu wanakwenda kwa karani na kumnong'oneza siri za nyumba. Mimi marehemu baba yako alinifundisha herufi juu ya gunia la chumvi, akiandika kwa kidole na kufuta. Sina haja ya mtu.

Bon, sasa kopo. Lilifika Alhamisi kwa boti. Amuri, nilipoona karatasi iliyobandikwa, na juu yake jina limepigwa kwa mashine, AMURI SUMAILI, nilikaa chini. Sikujua kwamba umefika mahali ambapo dawa za Wazungu zinatembea na jina lako. Maneno mengine ni Kifaransa, hayo ni ya wenyewe. Kopo nimeliweka juu ya kabati, jina likitazama mlango. Mtu akiingia, kabla hajapata kiti, analisoma. Asiyejua kusoma namsomea.

Yule mgeni wangu wa kifua vumbi la kiangazi lilikuwa limemrudisha. Nikifagia ua nasikia filimbi ndani ya mbavu. Watu nawaambia ni mafua, maana pumu ni ugonjwa wa kuhurumiwa na mimi sijazoea. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka ishirini kwangu na jembe hajalishika. Ila vidonge vyako vinamtoa. Nameza kimoja, nakaa kidogo, na mlango wa pumzi unafunguka.

Na wewe? Ulipokuwa mdogo tulipiga filimbi wawili, wewe kitandani, mimi jikoni, baba yako akisema ameoa bendi. Hapa nimewaambia wote kwamba hewa ya Bukavu imekuponya kabisa. Niambie ni kweli, nisije nikawa mwongo.

Mama yako,
Mwamini


Bukavu, 1 Septemba 1957

Mama,

Salamu zako zimefika zikinuka samaki wa Mukashyaka, nimezipenda hivyohivyo. Mimi nipo. Ninakaa bado na Nsengiyumva katika chumba kile kimoja. Ni mrefu hadi amezoea kuinama penye kila mlango, hata ule usiomgusa, na hucheka hata akiumwa jino. Mwambie Mukashyaka kitambaa bado nakipapasa.

Kifua changu usikihangaikie. Nakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu.

Mama, kuna ugonjwa umeingia huku. Wanauita gripe ya Asia. Mtu anaamka mzima, mchana anatetemeka, jioni hawezi kujinyanyua. Wengi wanapona kwa juma moja. Wazee, wenye mimba na wenye vifua ndio inaowachukua. Katika chumba chetu cha kushona tulikuwa kumi na wanne, jana tulikaa sita. Tunashona vitambaa vya kufunga mdomo vya wauguzi, na mashuka, na nguo nyingine nyeupe ambayo haina mifuko, sitaitaja.

Itafika Gisenyi, boti hazikatai abiria. Nisikilize basi. Kopo lile lina vidonge mia moja na ishirini. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, miezi miwili. Ni dawa ya pumu peke yake, gripe haiiwezi. Usimpe mtu, hata akilia, hata akikusifu. Akikusifu ndiyo usimpe zaidi. Na matangani usiende. Tuma pole kwa mdomo wa mtu.

Nakujua, Mama. Ndiyo sababu nimeandika kwa herufi kubwa.

Amuri


Gisenyi, 22 Septemba 1957

Amuri, baba yangu,

Salamu, na asante kwa herufi kubwa, ingawa macho yangu ni mazima. Mimi sijambo. Kuku mmoja amekufa, lakini kwa mwewe, si kwa ugonjwa.

Huo ugonjwa wako umefika nao haukupiga hodi. Shule imefungwa. Mitumbwi imelazwa mchangani tumbo juu, wavuvi hawana nguvu ya makasia. Sokoni wale wanawake wa Cyanzarwe waliokuwa wakipigania nafasi ya kuweka maharage, sasa nafasi iko na wao hawako. Kila nyumba inachemsha majani ya mkaratusi, Majengo nzima inanuka kama duka la dawa. Kwangu haujaingia. Nimesema hivyo kwa watu wote, kwamba nyumba ya Mwamini haujaingia.

Matangani nilikwenda, nisikufiche. Miaka yote mimi ndiye ninayepika chai ya matanga mtaa huu. Nisipoonekana watasema ninaogopa kufa, au kwamba sufuria yangu imetoboka. Nilikaa karibu na mlango.

Kuna jambo dogo nalisema kwa kuwa nimekaa peke yangu. Siku hizi ninahesabu pumzi. Nikimenya viazi nahesabu, nikisali nahesabu hadi napoteza rakaa na kuanza upya. Mtu akikohoa njiani, mwili wangu unasimama kabla mimi sijasimama. Sijawahi kuwa mwoga, unanijua, nilimfukuza fisi kwa mwiko. Fisi nilimwona, lakini.

Dawa nazimeza kama ulivyosema. Ungeweza kunitumia kopo jingine? Hata nusu. Si kwa shida, ni kwa tahadhari tu.

Mama yako,
Mwamini


Bukavu, 6 Oktoba 1957

Mama,

Nianze na hesabu, salamu zitanisamehe. Kopo lilifika tarehe nane Agosti. Ulipoandika, ulipaswa kuwa na vidonge ishirini na vinane. Mwenye ishirini na vinane haombi kopo jingine. Nipe idadi, na unitajie ni nani.

Jingine sina la kukutumia. Hadi Novemba, labda. Hapa wenye magonjwa ya siku zote tunaambiwa, wanaambiwa, wasubiri wenye homa wapite kwanza.

Nililala siku nne, mafua tu. Mwandiko ukipinda ni mashine ya jirani inatikisa meza. Nsengiyumva amenipikia uji, ni mbaya sana, niliumaliza kwa hofu ya kupikiwa mwingine.

Sikukaripii. Nataka idadi.

Amuri


Gisenyi, 24 Oktoba 1957

Baba yangu,

Salamu. Naandika na mto mgongoni. Umetaka idadi: havikubaki hata kimoja. Sasa nakwambia yote.

Wa kwanza alikuwa Mama Faida. Alikuja mwanzoni mwa Septemba, barua yako ya herufi kubwa haijafika, akasimama mbele ya kabati, akalitazama jina lako muda mrefu. Akasema: "Mama Amuri, kila siku tunasikia mutoto wako anatuma dawa. Leo Faida anaungua. Hii dawa iko ya kuponyesha watu, ao iko ya kutazama?"

Mwezi mzima nilikuwa nimelisoma jina lile kwa sauti. Nilifungua kopo. Kesho yake homa ya Faida ikashuka, kwa kidonge au kwa Mungu sijui, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ukajua. Barua yako ilipofika nilikuwa nimekwishakuwa mganga. Walikuja hata kutoka Nyakiriba, mtu na kuku wake kwapani. Kuku nilikataa, kidonge nikatoa, na kila mara nikataja jina lako. Nilijisikia malkia, Amuri. Nikawa sinywi cha jioni, kisha sinywi cha asubuhi, ili vya watu visipungue.

Mukashyaka alichukua vinne. Alivimeza pamoja kwa kuwa alitaka kuwahi soko. Nilipokwenda kumwona aliushika mkono wangu akauweka kifuani kwake. Moyo ulikuwa ukikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Akanitania, akasema dawa ya Amuri ina mbio kuliko Amuri mwenyewe, ndiyo maana hajaoa. Siku ya tatu alikufa. Harerimana, yule muuguzi wa dispanseri, anasema gripe ndiyo iliyomuua, wamekufa wengi ambao kidonge hawakukiona. Nimemshukuru. Lakini mkono uliowekwa pale ni wangu, si wake.

Niliporudi kutoka mazikoni mgeni wangu wa kifua alikuja na mizigo yake yote. Nilifungua kopo nikakuta pamba. Mama Faida na yule mkwe wake asiye na kazi, niliyemcheka kisimani, ndio walionibeba kwenye ngobyi, ile machela ya kusuka, hadi dispanseri, wakinipumzisha kila mahali njia inapopanda. Na mimi, pumzi sina, kopo tupu nimelishika mkononi, ili huko wajue mimi ni mama wa nani.

Harerimana alinichoma sindano, pumzi ikarudi. Ndipo akalichukua kopo akasoma, kisha akasoma tena. Akaniuliza huyu Amuri ni nani. Nikaanza, hata pale kitandani nikaanza, ni mwanangu, ni fundi, yuko Bukavu, unaona jina lake. Akanikatiza kwa upole.

"Mama, hapa wameandika: mugonjwa, Amuri Sumaili. Pumu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hii jina si ya mutu mwenye alituma dawa. Ni ya mutu mwenye kuimeza."

Amuri. Tangu Agosti umekuwa ukipumua na nini?

Sitakuuliza mara mbili. Juzi na jana nimepita nyumba kwa nyumba, nikipumzika penye kila mlango. Nimeomba nirudishiwe. Wengi walikuwa wamemeza. Lakini wapo waliokuwa wamekata nusu na kuweka akiba, na mmoja alikuwa amekishonea ndani ya ukosi wa mtoto kama hirizi, tukakifumua. Mtu akaniuliza, Mama Amuri, si ulisema mwanao anavyo vingi? Nikamjibu nilisema. Mama Faida alitoa viwili alivyokuwa amevificha kwenye chumvi. Hakunisimanga. Ningependa angenisimanga.

Ni kumi na saba, pamoja na nusu. Nimevirudisha ndani ya kopo lilelile lenye jina, nimelizungushia kitambaa cha kitenge changu cha kijani, nimekishona pande zote kwa mshono wangu mkubwa ule unaoucheka. Mwenye boti ameapa atalifikisha. Barua hii inapita kwa lori, itatangulia. Mimi usinifikirie, sindano ya Harerimana inanitosha.

Vikifika tu, meza viwili kwa pamoja. Halafu kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usimpe mtu.

Mwamini


Bukavu, 3 Novemba 1957

Mama,

Salamu. Nsengiyumva ananishikia karatasi isiteleze.

Barua imefika. Kopo bado. Wanasema boti imesimama Kalehe, mabaharia wanaumwa.

Ndiyo, jina ni langu. Kopo lilikuwa moja. Barua yako ya Julai ilisema huwezi kufika kisimani bila kukaa mara tatu. Mimi nilikuwa na vichache vya zamani, na kiangazi kilikuwa kinaisha. Nilihesabu vibaya. Hesabu mbaya ni ya nyumba yetu, usijivunie peke yako.

Mukashyaka hukumuua.

Ninalala nimekaa, kwenye kiti, kichwa juu ya cherehani. Vumbi la pamba ndilo baya. Mahali pa dawa wameniandika, nasubiri jina liitwe. Jina lenyewe unalijua, limepigwa kwa mashine.

Nililipenda pale kabatini. Ulivyoandika kwamba asiyejua kusoma unamsomea, nilicheka hadi Nsengiyumva akaja kunipiga mgongo.

Usiwaambie watu nina pumu. Waache na hewa ya Bukavu.

Nitaandika ndefu kopo likifika.

Amuri


Gisenyi, 21 Novemba 1957

Amuri, baba yangu,

Leo salamu nimeziweka mwisho. Utaona kwa nini.

Mvua imeosha vumbi lote. Shule imefunguliwa, mitumbwi iko majini. Boti imeanza kutembea tena. Nilikuwa hapa dirishani tangu asubuhi nakuandikia kwamba nimefika kisimani na nusu ndoo nikakaa mara moja tu, nilipomwona mtu mrefu anapanda kutoka gatini. Alikuwa akiuliza njia, na kila aliyeulizwa alinyoosha kidole huku kwetu. Alipofika penye uzio aliinama, na pale juu hapana kitu. Nikamjua.

Uliniambia hucheka hata akiumwa jino.

Amebeba lile sanduku lako la mbao, la mkasi. Juu ya sanduku ameweka kifurushi cha kitenge cha kijani. Kutoka hapa nilipokaa nauona mshono. Hakuna uzi uliokatwa. Alipokiweka chini vidonge vililia ndani ya kopo, vyote.

Alivua kofia. Alisema, "Mama Amuri." Nikamwambia karibu, keti barazani, namalizia barua ya mwanangu. Ameketi. Mama Faida amemletea chai, hajaigusa. Mama Faida mwenyewe amesimama ukutani na kitenge mdomoni, wala si kwa ajili ya gripe.

Huyu rafiki yako amelelewa vizuri. Hatanikatiza. Hatasema neno hadi niweke kalamu chini, kwa hiyo nakuandikia.

Kabatini vumbi limezunguka mahali pa kopo, katikati pamebaki duara safi. Silifuti. Watu wakiniuliza habari zako siongezi kitu siku hizi, nasema yuko Bukavu anashona, basi. Wananitazama wakisubiri mengine. Nilimwambia Harerimana peke yake kwamba una pumu, naye alikwishajua, kwa hiyo hilo usilihesabu. Kifua changu kinapiga filimbi kidogo asubuhi. Nimesikiliza vizuri. Ni filimbi moja.

Karatasi inaisha, nimepunguza herufi. Sasa salamu.

Anakusalimu Mama Faida, kwa mdomo mzima. Anakusalimu Faida, aliyepona. Anakusalimu yule mkwe, aliyenibeba. Anakusalimu Harerimana. Wanakusalimu watu wa Nyakiriba, wanaosema jina lako mpaka leo. Anakusalimu kuku aliyebaki. Anakusalimu Nsengiyumva, aliye hapa barazani, aliyetoka kwako, anayeitazama chai. Nakusalimu mimi, ninayeandika kwa mkono wangu, bila karani.

Nakusalimu tena. Yeye bado amekaa. Nakusalimu tena, baba.